Mafaili Yasiyo na Madoa

Juzi, katika duka la kompyuta hapa Garsen, mama mfugaji alikuwa akitafutiwa kibali cha kusafirisha ng'ombe, lori likinguruma nje. Skrini ya dada wa duka ilikuwa nyeusi, imejaa majina ya mafaili, yote meupe. Alishafungua manane, hakuna la mama.

"Mbona yote umepaka rangi moja?" mama akauliza, kidole kwenye skrini. "Ng'ombe wangu wakiwa hivi, sitawajua."

Dada akafungua mipangilio, akaandika mistari miwili ya amri ya kupaka mafaili rangi kwa aina. Vibali vikawa vyekundu, vitatu tu, na cha mama kimo. Mimi, niliyekuwa kwenye kompyuta ya pili, miaka yote nikikosa faili nimelaumu macho yangu.

"Changu kitie madoa," mama akasema akitoka.

"Madoa haiwezi, mama."

"Basi hiyo kompyuta bado ni ndama."