Walinituma Kubatiza, Sasa Wanataka Nivunje Nyumba

Admin, ficha jina langu na la kanisa, lakini Molo iache hivyo hivyo. Wahusika wakisoma wajijue.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, sijaolewa, na kwa miaka minne nimekuwa mmishonari katika kijiji cha wafugaji huko Uganda, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wetu. Kanisa letu la Molo ndilo lililonituma. Mimi si mchungaji, lakini walinipa ruhusa ya kubatiza kwa sababu hakuna mchungaji aliyekubali kwenda kuishi mahali ambapo hata maji ya kunywa unayafuata mbali. Sasa wameniita nyumbani nijieleze, na sitaomba msamaha. Hilo nilitangulize.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna mzee mmoja pale kijijini, nitamwita Lokiru, ana wake wawili. Alikuja kwenye mafundisho yangu muda mrefu, kwanza kubishana, baadaye kusikiliza. Alipotaka kubatizwa nikamwambia sheria ya kanisa letu, kwamba mwanamume mwenye wake wawili abaki na wa kwanza, wa pili aondoke. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, na moyoni niliomba akatae. Hakukataa. Asubuhi ya ubatizo nikamkuta mke mdogo amekaa nje ya mlango wangu, mtoto mgongoni, vibuyu vyake na ngozi yake ya kulalia vimefungwa kamba. Hakulia wala hakunitukana. Aliniambia tu, "Wewe ndiye umemleta huyu Mungu. Basi nipeleke kwako, maana kwangu umenitoa."

Maneno hayo yalinichoma, na nitawaambia kwa nini. Mama yangu alikuwa mke wa pili. Nikiwa darasa la tatu, baba yangu aliamua kubatizwa katika kanisa hilihili, akaambiwa abaki na mke mmoja, na huyo mmoja hakuwa mama. Tuliondoka Molo juu ya lori la viazi, tukashukia Nakuru, tukapanga chumba Kaptembwo. Mama amefua nguo za watu mpaka vidole vimekataa kunyooka. Baba naye alipanda cheo, leo ni mzee wa kanisa na kiti chake kiko mbele kabisa. Nilipookoka ukubwani nilirudi kuabudu kwao, nikasema yaliyopita si ndwele. Nilikuwa najidanganya.

Nikamwambia yule mke mdogo afungue mizigo yake. Niliwabatiza wote watatu, Lokiru na wake zake, kwenye bwawa wanakonyweshea ng'ombe, na mke mkubwa ndiye aliyemshika mwenzake mkono kwa sababu yule mdogo anaogopa maji. Nilifurahi mpaka nikajisahau. Nikatuma picha kwenye group ya WhatsApp ya kanisa na kuandika, "Familia nzima imeokoka." Amina zilimiminika, hadi mama mmoja wa kwaya akauliza mbona mzee amesimama katikati ya wanawake wawili. Hapo simu zikaanza.

Nilipofika Molo niliketishwa mbele ya wazee wa kanisa, baba yangu akiwa mmoja wao. Walisema nirudi nikatangaze kwamba ubatizo ule haukuwa halali na mke mdogo aondoke. Nikikataa, wananivua utumishi na nitakaa benchi la nyuma pamoja na waliotengwa. Mimi nikamgeukia baba, nikamuuliza mbele yao, siku aliyobatizwa yeye, mama alienda wapi.

Alizungusha kofia yake mikononi. "Hayo tulimwachia Mungu," akasema.

"Hamkumwachia Mungu, baba. Mlimwachia mama na beseni."

Nilitoka hata kabla ya maombi ya kufunga. Wameniita mkaidi, wengine wanasema Uganda imeniharibu kichwa. Sawa, mimi ni mkaidi. Ukaidi huu ungekuwepo zamani, mimi ningekulia kwetu.

Siku chache baadaye baba alinifuata Kaptembwo, kwa mama, ninakokaa kwa sasa. Tangu tufukuzwe hakuwahi kukanyaga huko. Hakutaka kuingia ndani, tuliongea kando ya duka huku boda boda zikitupigia honi. Alisema amezungumza na wanawe wa nyumba kubwa na wamekubali. Nikitii wazee, atamkatia mama ekari moja ya shamba la Molo, chifu akishuhudia. Sikuamini masikio yangu. Mama ametamani shamba hilo maisha yangu yote, apande viazi vyake, na siku akifa azikwe mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza amefika lini. Nilimjibu baba palepale kwamba ardhi yenye bei hiyo akae nayo.

Jioni nikamweleza mama alichokuja kusema baba, kwa sababu ni haki yake kujua. Jibu langu sikumweleza. Nilidhani atasema shamba la namna hiyo halitaki, nimkumbatie, yaishe. Aliendelea kukamua shati la mtu, halafu akasema, "Sitakudanganya, mtoto wangu. Hilo shamba nalitaka."

Kwa hiyo nyinyi mnaokuja hapa kunikumbusha kutii viongozi, pumzisheni vidole. Yule mwanamke haondoki kwake kwa mdomo wangu, na wakimtuma mwingine akamtoe, atanikuta mimi mlangoni. Narudi mwezi ujao, wanibariki wasinibariki, hata kama nitauza mboga nijilishe.

Lililonishinda ni moja tu. Jana nimerudi nyumbani nikakuta mama amenunua jembe. Nishaurini, nimwambieje kwamba shamba nilishalikataa?