Mpishi wa nzi na mlango wa friji

Saa moja na nusu asubuhi, Cheyo, mjini Tabora. Rustika Irakoze anakoroga uji kwenye sufuria ya lita kumi. Ndani kuna sembe, hamira, sukari na unga mweupe wa kugandisha. Uji unatoa povu na kunukia kama pombe changa. Haonji.

"Mpishi asiyeonja!" anasema, akigonga mwiko ukingoni mwa sufuria. "Wifi yangu ananicheka. Ananiambia, wifi, hao nzi wako wanakula vizuri kuliko kaka yangu."

Walaji wake ni nzi wa matunda, wale wadogo wanaozengea ndizi iliyoiva kupita kiasi. Wanafugwa kwenye chupa zilizozibwa kwa pamba, katika maabara ndogo ya utafiti. Rustika, mwenye umri wa miaka 47, hujaza chupa mia nne kwa siku. Amefanya hivyo miaka sita, kwa shilingi 280,000 kwa mwezi. Ijumaa ijayo mkataba wake unaisha, na ameambiwa hautaongezwa.

Haonji kwa sababu ana kisukari. Kongosho lake liliacha kutengeneza insulini akiwa bado Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, na tangu hapo anajidunga sindano mara mbili kwa siku. Dawa anaipata kliniki. Tatizo lake ni pa kuiweka.

Nyumbani kwake Itetemia hakuna umeme. Kabla ya kazi hii, kichupa kilikaa juu ya kabati, chini ya bati. Oktoba moja dawa iliharibika kwa joto naye asijue. Aliendelea kujidunga.

"Nilizinduka wodini, dripu mkononi, padri amesimama miguuni," anasema. "Nikamwambia, Baba, nenda nyumbani, bado nipo."

Leo kichupa kinakaa kwenye mlango wa friji ya maabara, kando ya hamira. Dozi ya jioni huivuta kwenye bomba la sindano na kuondoka nayo, imezungushiwa kitambaa kibichi. Mwisho wa wiki mlinzi humfungulia.

Friji hiyo ameipoteza kwa asali.

Miezi michache iliyopita sukari iliadimika madukani. Mkuu wa maabara, Dk. Leodgar, alikuwa safarini. Rustika akapiga simu Urambo kwa kaka yake, Xavery, mfuga nyuki, naye akatuma dumu la lita tano. Ilikuwa asali ya kukamua kwa mkono, pamoja na machicha yake. Rustika akaitia kwenye chupa zote badala ya sukari.

"Hapa kwetu sukari ikikosekana, chai inatiwa asali. Mgeni anakunywa, anaomba kikombe cha pili. Nani aliwahi kushtakiwa?"

Kumbe chupa zenye alama nyekundu zilitakiwa kupata sukari tupu, bila protini hata chembe. Ubongoni mwa nzi kuna seli chache zinazotengeneza insulini yake. Mlo wenye protini ukifika, seli hizo huiachia insulini. Mlo usipokuwa nayo, huishikilia. Hicho ndicho kilichokuwa kinapimwa: seli zinajuaje mwili umekula nini.

Machicha ya asali yana chavua, ule unga wa maua, na chavua ina protini. Kwa wiki tatu seli zilizotakiwa kushikilia ziliachia.

"Miezi mitano imeharibika," anasema Dk. Leodgar. "Maabara si jikoni kwa mtu."

Je, mpishi aliwahi kuelezwa chupa nyekundu ni za nini?

"Alipewa orodha."

Orodha ipo, imebandikwa ukutani juu ya jiko. Ina mistari kumi na mmoja, yote kwa Kiingereza. Rustika anasoma Kiswahili bila kukwama, na Kirundi pia. Kupika chakula cha nzi alifundishwa kwa macho, asubuhi moja, na mpishi aliyemtangulia. Wakubwa wa jengo hili husalimiana kwa Kiswahili, huagiza chai kwa Kiswahili, na walimfukuza kwa Kiswahili. Walioandika orodha hiyo walijua nani atasimama mbele yake.

Aliyemweleza ni Sabiri, mtafiti kijana, siku moja baada ya barua ya kumwachisha kazi. Alimketisha kwenye hadubini.

"Nikaona nukta zinang'aa, nikaanza kuhesabu. Sabiri akasema, mama, hizo ndizo, kumi na nne tu. Zako, za kwenye kongosho, ndizo zilizokufa." Anafunika sufuria. "Mdudu mdogo kama punje ya uwele ananizidi."

Sabiri alimweleza pia kwamba mafuta ya mwilini mwa nzi ndiyo yanayopeleka habari kichwani kuwa protini imefika.

"Hata mafuta ya nzi yanapewa nafasi ya kusema na kichwa," anasema Rustika. "Mimi miaka sita, kichwa cha hapa kilinisemesha siku ya kunifukuza tu."

Hakuomba kurudishwa kazini. Aliomba nafasi ya kichupa kimoja mlangoni mwa friji. Alijibiwa kuwa friji ni ya utafiti.

Kwa hiyo amenunua vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na kujaza mchanga mbichi katikati. Kipimajoto ameazimwa na Sabiri. Mchana nyumba yake hufika nyuzi 33. Ndani ya chungu, wiki hii, joto limegoma kushuka chini ya 26. Nesi wa kliniki amesema hapo dawa iliyokwisha kufunguliwa huvumilia wiki nne, mchanga usipokauka.

"Nitaumwagilia kama mchicha," anasema. "Sitazinduka tena mbele ya padri."

Ijumaa, kabla ya kuchukua kichupa chake, ana karatasi ya kubandika chini ya ile orodha, kwa ajili ya atakayekuja. Ameiandika kwa mkono, herufi kubwa:

"CHUPA NYEKUNDU: SUKARI TUPU. ASALI INA CHAVUA, NA CHAVUA INA PROTINI. USIPOELEWA, ULIZA. WASIPOKUJIBU, USIPIKE."