Mayai ya Bata ya Bi Kazija

Banda la kuku anayeatamia lina harufu yake: joto la manyoya, majani makavu na vumbi lisilofagiliwa, kwa kuwa mwenye kuatamia hasumbuliwi. Hata leo nikiinusa, mimi hugeuza njia. Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Kiembe Samaki, ndege zikipita juu ya bati letu mpaka vikombe vikilia kabatini. Asubuhi moja jirani yetu Bi Kazija, shoga wa mama tangu usichana, aliingia uani na mayai kumi na moja kwenye upindo wa kanga yake. Bata wake alikuwa amekanyagwa na gari. "Shoga, hii ndiyo mbegu iliyobaki," alimwambia mama. "Nnakuomba kuku wako." Kuku wetu mwekundu alikuwa amelala siku ya pili kwenye pakacha tupu, akimdonoa kila anayemkaribia. Mama akamtilia yale mayai, akasoma Bismillahi, akatukataza kuchungulia. Kwetu mayai yaliyo chini ya kuku hayahesabiwi wala hayasifiwi, maana jicho la mtu huyafanya viza.

Katazo hilo ndilo lililonificha. Nilitamani mno kifaranga cha kwangu, na jikoni mlikuwa na mayai ya kuku wetu mwingine. Nilijua ya kuatamiwa huwekwa witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili, hivyo sikuchukua moja. Nilichukua mawili, yawe kumi na matatu, nikajiona fundi. Nisilolijua ni kwamba kuku huangua kwa wiki tatu na bata wa Bi Kazija walitaka wiki tano. Nani angenifundisha? Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini mwana wa mtu hufunzwa, na mimi sikuuliza.

Wiki tatu zilipotimia, mama alikwenda Ng'ambo kumtazama mgonjwa. Nilisikia vilio vyembamba bandani, nikakuta vifaranga wangu wawili, na mama yao ameshawatoa nje kuwafundisha kula. Nilifurahi kupita kiasi. Nikawamwagia chenga za mchele, nikawapa majina, nikakaa nao uani mpaka alasiri, na pakachani mayai kumi na moja yakipoa. Mama aliporudi akawaona vifaranga wa kuku, akakimbilia bandani hata buibui hajavua. Akalishika moja, akalishika jingine, kisha akalipasua. Ndani mlikuwa na kifaranga cha bata, kimeshaota manyoya, kimekufa.

"Salma, ulitia mkono humu?" aliniuliza.

"Sikutia, mama."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba hakuuliza mara ya pili. Alikwenda mwenyewe kumwambia Bi Kazija, nami nikamfuata nyuma. Bi Kazija alisikiliza, kisha akasema polepole, "Uliyaibia joto mayai yangu uangue ya kwako. Ungelinambia tu, shoga." Mama aliapa wallahi. Akasema, "Na mwanangu nimemuuliza, na mwanangu hasemi uongo." Nilikuwa nimeishika kanga yake. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, "Nilitia," nikalimeza. Kutoka siku ile hawakupelekeana tena futari wala hawakusukana nywele. Bi Kazija alipohamia Chukwani hakuja kuaga, na mama alifunga dirisha la upande ule, akasema upepo wake una vumbi. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu mbona haiishi?

Siku hizi pale mtaani hakuna anayeomba kuku kwa jirani. Vifaranga huangulikia kwenye mashine, na umeme ukikatika watu hulilaumu shirika, hawagombani. Mama alifariki mwaka jana. Siku ya khitma Bi Kazija aliletwa na mjukuu wake, anatembelea mkongojo, uso umejaa machozi. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanivuta karibu mbele ya wanawake wote.

"Mwanangu, yale ya mabata nshamsamehe mamako," alisema. "Alikosea, lakini nampenda. Nnataka alale salama."

Wanawake wakaitikia amin. Nilimtazama, na neno langu bado ni lile lile moja. Nikaubusu mkono wake, nikamwambia ahsante.