Shilingi Mia Mbili ya Dada Yangu

Miaka sita nimetafuta sarafu iliyokosewa kiwandani, na dada yangu aliipata asubuhi moja ndani ya kopo la maziwa analowekea chenji, huku akigeuza vitumbua. Hata sasa ninapoandika, roho inaniuma.

Mimi ni karani hapa Kibaha. Chenji yoyote ninayopata sokoni au stendi naimwaga mezani na kuikagua moja moja kwa lenzi. Mke wangu ameshachoka kunisema.

Kazi yenyewe si ngumu ukishaizoea. Unashika sarafu kwenye ukingo, unaigeuza kwa ubavu, na picha ya upande wa pili ikitokea kichwa chini, basi mhuri wa kupigia sarafu ulizunguka. Unatazama kama herufi zimejirudia, kama picha imekaa katikati. Ngumu ni kutodanganyika. Watoto wa Soga hutega sarafu relini, treni ikipita inatoka imepanuka, na nimewahi kuletewa moja na mtu mzima aliyetaka nimpe bei ya mbuzi. Hilo ni jeraha la baadaye. Kosa la kweli sarafu huzaliwa nalo. Halafu kuna sheria inayozidi zote: sarafu haioshwi. Ukishaisugua, hakuna mkusanyaji atakayeitaka.

Dada yangu anakaa Kibuta, kule Kisarawe, anauza vitumbua mbele ya nyumba yake. Idi iliyopita nilimfundisha yote hayo, isipokuwa hilo la kutoosha. Nilidhani ananisikiliza kwa adabu tu. Kumbe mwenzangu alikuwa anashika.

Jumamosi moja akanipigia simu, nikaenda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu tazama hii, isije ikawa imepitiwa na treni."

Ilikuwa shilingi mia mbili. Picha ya simba wawili ilikuwa imesogea, mgongo wa mmoja umekatwa, na upande wa pili wa ukingo umebaki utupu mwembamba wenye umbo la mwezi mwandamo. Nikatoa lenzi. Hakuna alama ya nyundo wala koleo. Ilikuwa yenyewe, nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona kwenye picha.

Wivu ukanipanda. Tangu utotoni ndivyo alivyo: tukienda kuokota korosho, kapu lake linajaa kabla mimi sijafika mti wa pili. Nilimchukia pale pale, na unga wake mikononi, na tabasamu lake la kungojea sifa. Nikamwambia, "Si mbaya."

"Ina thamani?"

"Kidogo. Kuna mtu Dar anazinunua."

Akaipokea, akaigeuzageuza. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya kikaango. "Imechafuka mno. Haifai kumpa mtu hivi. Nikiisugua, haina neno?"

Nilimwona akilini yule mnunuzi wa Dar akiipokea kwa mikono miwili, akimsifu. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kweli. Mafuta yalikuwa yanachemka, mteja hakuwepo, na yeye ananitazama usoni.

"Haina neno, dada. Sugua tu."

Akakata limao, akachota majivu jikoni, akachukua waya wa kusugulia sufuria. Alisugua kwa bidii ile ile anayosugulia masufuria ya shughuli, akisuuza, akirudia. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia mpaka mwisho. Nilijisikia vizuri, sitasema uongo. Simba wakabaki na mikwaruzo kuanzia shingoni hadi mkiani, na sarafu nzima ikang'aa.

Akaikausha kwa pindo la khanga, akaja akanishika kiganja, akaiweka humo na kukifumba kwa vidole vyake vyenye joto.

"Haya, chukua. Nilipoiona tu nikajua ni yako, umehangaika nayo miaka yote. Mimi ya nini?"

Nilisema ahsante. Sijui nilisema nini kingine. Nilikula vitumbua vitatu ili mdomo upate kazi.

Ninayo hadi leo, kwenye kisanduku, peke yake. Wakusanyaji wenzangu wakija huiangalia kwa lenzi, wakatikisa kichwa kwa uchungu, wakauliza ni mjinga gani aliyeisugua sarafu ya namna hii.

Huwa nawajibu: dada yangu.