Ng'ombe Watatu wa Kaka

Mpaka leo nikimsikia mkubwa anawaambia watu tujinyime sote kwa pamoja, huwa natazama kwanza zizi lake. Tabia hiyo niliipata nikiwa msichana, kwetu karibu na Segese, wakati wa vita vya Wazungu.

Kaka yangu alikuwa amechukuliwa jeshini, yuko Bama, ng'ambo ya bahari. Kabla hajaondoka alikuwa ameposa msichana wa kijiji cha pili. Mahari ilikuwa tayari: ng'ombe watatu walioingia nyumbani dada yetu alipoolewa. Baba aliwaomba wakwe wangoje kijana arudi ndipo ng'ombe wapelekwe. Hao watatu ndio waliokuwa mali yetu yote yenye kwato.

Mpita njia, hata hivyo, angeona zizi letu limejaa. Kumi na mmoja wengine walikuwa wa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Kwetu tajiri hafugi ng'ombe wake wote nyumbani. Huwagawa kwa wasio na kitu wamfugie. Wao wanakunywa maziwa, yeye anabaki na ndama. Ugonjwa ukiingia zizi moja haummalizi, na wenye kijicho hawajui waangalie wapi. Aliyefugishwa ana sharti moja: akiulizwa na mgeni, ng'ombe ni wake. Kumtaja mwenyewe ni kumvua nguo hadharani, na hakuna atakayekufugisha tena. Kwa hiyo mwanangwa, ambaye ilisemwa hajui mwenyewe ana ng'ombe wangapi, nyumbani kwake alikuwa na wanne tu.

Siku moja tuliitwa barazani. Mwanangwa akasema vita vimekuwa vizito, askari wanataka nyama, na serikali imeagiza kila zizi litoe. Zizi dogo ng'ombe mmoja, zizi kubwa watatu.

"Hapa hakuna mkubwa wala mdogo," akasema. "Tutaumia sawasawa, na mimi nitakuwa wa kwanza."

Wanawake tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote, maana niliamini nyama ile itamfikia kaka yangu.

Kesho yake akaja kwetu na karani kutoka Kahama. Mwanangwa alikuwa ameshatoa wake, ng'ombe mzee asiye na meno, na karani alikuwa bado anamsifu kwa kutangulia. Karani akahesabu ng'ombe wetu, akamgeukia baba.

"Mzee, hawa wote ni wako?"

Nilikuwa mlangoni mwa zizi na kibuyu cha maziwa. Mwanangwa alisimama hatua mbili tu kutoka kwa baba. Nilimkazia macho nikingoja aseme neno. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu chake.

"Ni wangu," baba akasema.

"Basi watatu."

Hata mtoto wa kwetu anajua kwamba ng'ombe wa kufugishwa hatolewi na anayemfuga. Mwenyewe ndiye husema, mchukueni huyu. Baba akamtazama mwanangwa, akangoja.

"Tusimcheleweshe karani, baba," mwanangwa akasema.

Baba akaingia, akawatoa wale watatu wetu kwa mkono wake mwenyewe. Bei tuliyolipwa isingenunua hata ndama. Nilikuwa nangoja mtu acheke, aseme ni mzaha, warudishwe.

Mama alimwuliza, "Umetoa mahari ya mwanao?"

"Ulitaka nimtaje mtu mbele ya karani?"

Jibu lile lilinishtua kuliko hata kitendo. Baba hakuwa mjinga wala mwoga. Aliona kabisa kwamba aibu ya mwanangwa ina uzito kuliko sisi, na alidhani mwanangwa naye anaona hivyo hivyo kuhusu aibu yetu. Nilimkasirikia mno, na sikuwa na pa kuipeleka hasira hiyo.

Habari zikawafikia wakwe. Baada ya mavuno wakaja, kwa heshima zote, kusema kwamba hawawezi kumweka binti kwa ajili ya zizi lisilo na ng'ombe wetu hata mmoja.

Haukupita mwezi, asubuhi, mwanangwa akaingia uani. Tulimpa kigoda, tukaamkiana. Akasema amekuja kuchukua saba katika ng'ombe wake, kijana wake anaoa. Kijana huyo ni rika moja na kaka yangu. Hakwenda vitani, kwa kuwa majina ya wa kwenda yalipangwa na baba yake.

"Anaoa kwa nani?" mama akauliza.

Akaitaja nyumba ile ile. Nilimtazama usoni nikitafuta haya, sikuiona.

"Posa yenu ilikuwa imekwisha vunjika," akasema, tena kwa upole. "Binti wa watu asingekaa bure." Kisha akamgeukia baba. "Nina ombi, baba. Vijana wangu hawajazoeana na ng'ombe hawa. Wewe wanakufuata. Ungetufikishia."

"Baba, usiende," nikasema. Sikuwahi kumkataza jambo maishani mwangu.

"Wakiongozwa na mgeni watatawanyika porini," akanijibu, "halafu itasemwa nimewapoteza."

Akachukua fimbo. Nilibaki nimeshika mti wa lango. Alipita nao mbele yangu akiwaita kwa majina niliyowapa mimi, nao wakamfuata mpaka kwa wakwe wa kaka yangu.