Aliyeomba Njia kwa Kiingereza

Sikuwa mgonjwa siku hiyo, wala sikuwa nimeonja pombe. Kwetu ni Wasabato wa Nyanchwa, pombe naijua kwa harufu tu. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua utakachofikiri. Hata mimi, ningemsikia mtu mwingine akisimulia haya, ningemcheka. Lakini yalinipata, nikiwa na akili zangu timamu, jua halijazama.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepelekwa shule ya msingi karibu na Nyamarambe, ambako sikumjua mtu. Nilifundisha Kiingereza darasa la sita. Wiki hiyo tulikuwa tunajifunza kuomba msaada kwa adabu, na watoto walinitoa jasho. Sisi Wakisii tukitaka maji tunasema nipe maji, heshima iko kwenye sauti. Kiingereza kinataka uzunguke kwanza: samahani bwana, je, ungeweza, kama si usumbufu. Watoto waliona ni mchezo. Mimi nilikipenda Kiingereza hicho, ila sikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Basi jioni moja nilikuwa natoka sokoni, narudi kwenye chumba nilichopanga. Mvua ya mawe ilikuwa imetoka kunyesha na ukungu umelala juu ya migomba. Kwenye njia panda alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, miguu mitupu, amevaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu kiunoni, kama walivyovaa watumishi wa nyumba za wazungu. Nikamwamkia kwa Ekegusii, lugha yetu: "Bwairire." Hakuitika. Nikajaribu Kiswahili. Alinitazama kama mtu anayesikia upepo tu. Kisha akaweka mikono nyuma, akainama kidogo, akasema:

"Excuse me, sir. Would you kindly help me?"

Aliniomba radhi, kisha msaada, kwa Kiingereza safi kuliko changu. Akaendelea kwa lugha hiyo hiyo, akiniomba nimwonyeshe nyumbani kwa Kwamboka, kama haikuwa usumbufu. Kwamboka nilimjua. Alikuwa mama mzee, mjane, aliyeuza ndizi sokoni na kuishi peke yake ng'ambo ya vijito viwili. Nikadhani huyu ni mgeni kutoka mbali. Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi kumpata mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, nikamwambia twende.

Kwenye kijito cha kwanza akasimama, akaniuliza kama angeruhusiwa kuvuka. Nikacheka, nikamwambia avuke. Akavuka na kunishukuru. Tulipofika penye boma la ng'ombe la jirani akaomba tena ruhusa ya kupita, nikampa, akapita. Hapo udadisi ukaniingia. Huyu atafanya nini nisipomjibu? Kwa hiyo kwenye kijito cha pili, alipoomba, nilinyamaza makusudi. Nikatangulia, nikakaa juu ya jiwe upande wa pili, nikamtazama.

Alisimama pale pale, mikono nyuma. Mvua ikarudi. Baada ya muda akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, bila hasira. Akarudia mara ya tatu. Ndipo nilipotambua kwamba mimi nimelowa mpaka mfupani, na kanzu yake ni kavu.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi niliinuka kwenye lile jiwe. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba anaweza kuvuka. Akavuka. Akanishukuru.

Kwamboka alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, koroboi inawaka kando yake. Aliinua macho, na ungo ukamtoka mikononi.

"Ondieki," alisema.

Akamuuliza kwa Ekegusii alikuwa wapi siku zote hizi, na kama amekula. Yule mtu alimtazama midomoni, kama anayetamani kusikia. Kisha akanigeukia, akaniomba nimwambie mama kwamba ametoka mbali na kwamba anaomba kuingia. Nikatafsiri. Hebu fikiria, mama na mwanawe wametengana hatua moja, na mimi mtu wa nje nasimama katikati kama karani wa kortini.

"Mwambie hii ni nyumba ya baba yake," Kwamboka alisema. "Mtu haombi ruhusa kuingia kwao."

Nikamwambia. Hakusogea. "May I, sir?" aliuliza tena, na aliniuliza mimi, si mama yake. Nikamwambia ndiyo, ingia. Akainama chini ya nyasi za paa, akaingia. Tulimfuata na koroboi. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu, na ndani hamkuwa na mtu.

Kwamboka alikaa kitandani, akanieleza bila machozi. Ondieki alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda kufanya kazi kwa mzungu mmoja upande wa Sotik, mtu ambaye hakutaka kusikia lugha nyingine nyumbani mwake. Akaugua. Akaomba aruhusiwe kwenda kwao, akaomba tena, hakupewa. Akafa akazikwa huko huko. Kilichorudi ni sanduku la nguo zake, lililoletwa na mwenzake wa kazi. Kwa miaka minane lilikaa chini ya kile kitanda, na mama alikataa kabisa kuambiwa kwamba mwanawe amekufa.

Wiki iliyofuata, kwa ridhaa yake, ukoo ulichimba kaburi kando ya nyumba, wakazika lile sanduku. Nilikuwepo. Baba yangu, mzee wa kanisa, alipopata habari alinionya nisirudie maneno hayo. Wafu hawajui neno lolote, alisema. Nilimtii mpaka alipofariki.

Baada ya maziko Kwamboka aliniomba jambo moja. Alitaka nimfundishe namna ya kumkaribisha mtu ndani kwa Kiingereza, kwa sababu Ondieki anaweza kuja tena na mimi nisiwepo. Tulikaa kutwa nzima. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini alikamata: kamini, pilisi. Majirani waliniambia kwamba kila jioni, kabla ya kufunga mlango, alisimama pale na kuyasema maneno hayo nje kwenye migomba. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

Mimi ni mzee sasa, na kinachoniamsha si ile kanzu kavu. Ni kile kijito cha pili. Mtu alikuwa amekwisha kunyimwa ruhusa na yule mzungu, nami nikakaa juu ya jiwe nimwone akiomba mara tatu, kwa mchezo. Kwa hiyo ukipita njia zile, na mtu usiyemjua akakuomba jambo dogo kwa upole, kwa lugha yoyote ile, usimjaribu. Mjibu upesi, apite.