Nilivyomjibia Mwanaisha kwa Nesi

Mashoga zangu, leo nimemjibu nesi kwa mbwembwe, na jibu lenyewe halikuwa kweli.

Nilimpeleka binti yangu Mwanaisha kliniki, hapa hapa Likoni. Mimba ya kwanza, miezi minne.
Nilimvika leso mpya, maana vita vya Wazungu vimekwisha na nguo zapatikana tena. Kila mtu aligeuka kumtazama.

Nesi akauliza, "Kabla ya mimba, siku zake zilikuwa zikija kila mwezi?"

Nikamuwahi mtoto kujibu. "Kila mwezi, nesi wangu. Huyu hana ila."

Nesi akaandika.

Mwanaisha akainama. "Mama, wewe hujui. Ajuaye ni somo yangu."

Ni kweli. Alipovunja ungo nilimkabidhi kwa somo yake, Bi Mwanakombo, amfunde, kama sisi tulivyokabidhiwa. Mambo ya damu mama haulizi. Mimi nilijivuna tu.

"Basi sema wewe," nesi akamwambia.

Akasema zilikuwa zikipotea miezi mitatu, hata minne, kisha zikija hazikomi.

Nesi akakata alichoandika. Akasema mwenye siku kama hizo mimba yake huweza kuleta matata, kwa hivyo aje kila wiki mbili apimwe mkojo na kuangaliwa asivimbe.
"Umefanya vyema kusema," akamwambia.
Mimi hakunitazama.

Njiani nikamwomba mwanangu radhi. Akacheka. "Nawe Mama, si ungeniachia nijibu?"

Nimepita kwa Bi Mwanakombo, nimeketi jikoni kwake na kuuliza yote.
Nanyi wenye mabinti wajawazito, mwayajua yao?